Pawaso za zamani: Zilitoka viwandani kwa wingi, mbona leo hazipatikani?

UKIAMBIWA kuna watu wanaokusanya vitu vya zamani, bila shaka unawaza sarafu, stempu, santuri za rumba au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe. Sidhani kama ungewaza pawaso.

Naam, pawaso. Ule msumeno wa injini unaousikia ukinguruma mti unapokatwa mtaani, moshi ukifuka na unga wa mbao ukiruka kila upande.

Huko Marekani, Kanada, Ujerumani na Sweden kuna watu ambao gereji zao zimejaa misumeno ya aina hiyo, mingine mikongwe kuliko wao wenyewe. Wanaifungua, wanaisafisha, wanaipaka rangi yake ya asili, kisha wanakutana na wenzao kuiwasha na kusikiliza mlio wake. Usicheke. Hata wewe una rafiki mwenye viatu hamsini ambavyo havai.

Sasa, kuna modeli ambazo mkusanyaji anaweza kuzitafuta miaka nenda miaka rudi asizione. Na si eti zilitengenezwa kwa siri. Ziliuzwa madukani, zikatangazwa magazetini, zikanunuliwa na wakataji miti na wakulima wa kawaida tu.

Zilienda wapi? Jibu lina somo hata kwako wewe ambaye hujawahi kushika shoka. Mara nyingi kitu hakiwi adimu kwa sababu kilitengenezwa kidogo. Kinakuwa adimu kwa sababu ya yale watu waliyokifanyia baada ya kukinunua.

UZEE PEKEE HAUTOSHI

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wengi wetu tunadhani kitu kikizeeka basi kimekuwa mali. Wapi!

Chukua Homelite XL-12, msumeno wa Kimarekani uliotoka mwaka 1963. Ulipendwa kwa sababu ulikuwa mwepesi mno kwa wakati huo; injini yake ilikuwa na uzito wa pauni 12 hivi, yaani kilo tano na ushei. Ulinunuliwa na kila mtu, mwenye shamba na mwenye kuni za kuotea moto.

Leo XL-12 ina zaidi ya miaka 60, lakini Marekani bado unaikuta kwenye minada ya vitu vya nyumbani. Ni mzee, ila si adimu. Wengi waliitumia siku chache kwa mwaka kisha wakairudisha stoo.

Hapo ndipo siri inapoanzia. Mashine iliyofanya kazi kidogo ilibaki. Zilizopotea ni zile zilizofanya kazi kweli kweli.

MZIGO WA WATU WAWILI

Misumeno ya kwanza kabisa haikuwa ya kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo unaotumia umeme. Ulikuwa na kilo 64! Hebu fikiria magunia ya mahindi, halafu ujiambie unalibeba moja msituni, na tena linazunguka meno.

Mwaka uliofuata, 1927, Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alipanda na msumeno wake wa petroli kwenye mlima uitwao Dolmar, eneo la Thuringia, akaujaribu huko. Jina la mlima likawa jina la kampuni. Msumeno huo nao ulikuwa na kilo 58. Stihl akaja na wa petroli mwaka 1929, kilo 46.

Hizo zote zilihitaji watu wawili, mmoja kila upande.

Kisha mambo yakabadilika kwa kasi. Nchini Marekani, Robert McCulloch alitoa msumeno wake wa kwanza mwaka 1948, akauita 5-49. Jina lenyewe ni maelezo: nguvu za farasi 5, uzito wa pauni 49. Mwaka 1949 akatoa 3-25, nguvu za farasi 3 na pauni 25, kama kilo 11 hivi. Mtu mmoja sasa angeweza kuingia msituni peke yake.

Mwaka 1959 Stihl walileta Contra, ambayo mnyororo wake ulizungushwa na injini moja kwa moja bila gia katikati. Kilo 12, nguvu za farasi 6. Amerika Kaskazini iliuzwa kwa jina la Lightning.

Jiweke katika viatu vya mkataji miti wa wakati huo. Unalipwa kwa kile ulichoangusha. Kuna mashine ya kilo 12, na nyumbani una ile ya kilo 46. Utaitunza ya zamani kwa ajili ya nani? Ilitupwa nyuma ya ghala, ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, mwisho wa habari. Ndiyo maana misumeno mingi ya watu wawili ya miaka ya 1920 na 1930 leo utaiona kwenye makumbusho tu.

ZILIZOKUFA KWENYE UWANJA WA MBIO

Hapa ndipo kisa kinanoga.

Mwaka 1956, huko California, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels aliunda kigari kidogo cha chuma, kisicho na bodi, akakifunga injini ya mashine ya kukata nyasi. Hiyo inatambuliwa kuwa gokati ya kwanza. Vijana wakachizika. Kila mtu alitaka yake.

Lakini injini ya kukata nyasi ni pole. Waliotaka kasi wakaanza kutazama huku na huku, na macho yao yakatua kwenye pawaso. Injini ya pawaso ni nyepesi, inazunguka kwa kasi kubwa, na haina mambo mengi. Ni injini ya ile aina inayochanganyiwa oili kwenye petroli, kama pikipiki za zamani zilizokuwa zikiacha wingu la moshi wa buluu.

Injini za McCulloch ndizo zilizopendwa zaidi. Kampuni yenyewe iliona biashara, na mwaka 1959 ikatoa MC-10, injini ya gokati iliyotokana na ile ya msumeno. Baadaye ikaja MC-101 yenye cc 123, karibu sawa na bodaboda ya cc 125 unayopanda kila siku.

Sasa, McCulloch pia ilikuwa na misumeno mikubwa ya kuangusha miti minene, ile familia iliyopewa nambari 125, kwa mfano SP125. Injini yake nayo ni cc 123. Ni ndugu wa damu na ile ya gokati.

Unajua kilichofuata. Mpenda mbio akiona SP125 inauzwa, haoni msumeno. Anaona pistoni, silinda na mhimili wa injini. Anainunua, anaitoa roho, na kinachobaki anakitupa. Msumeno baada ya msumeno uliishia hivyo, na hadi leo wanaorejesha gokati za zamani wanawania mashine zile zile na wakusanyaji wa misumeno.

Kwa hivyo SP125 haikuwa adimu kwa ubaya wake. Iliponzwa na uzuri wake. Ukipita Grogan ukaona gari zima limegeuzwa rundo la spea, unaelewa bila kuelezwa. Hakuna anayechinja gari ambalo spea zake hazitakiwi.

MWILI UNAOLIWA NA MAJI

Adui wa pili hana makelele. Ili kupunguza uzito, viwanda vilitengeneza mwili wa misumeno kwa magnesiamu, madini mepesi kuliko hata aluminiamu. Kazini ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba magnesiamu ikikaa na unyevu, hasa wenye chumvi, huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe.

Katika misumeno mingi ya zamani tanki la petroli lilikuwa sehemu ya mwili wenyewe, si chombo cha kuchomoa. Mtu akiacha petroli yenye maji ndani, akaufungia stoo miaka 20, siku ya kuufungua anakuta tundu chini. Na huwezi kununua tanki jipya, maana tanki ndilo msumeno.

Ongeza na kabureta. Ndani yake kuna vipande vya mpira vyembamba kama ngozi ya puto. Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi huchanganywa na ethanoli, na mpira wa zamani haukutengenezwa kuivumilia. Unakauka, unakunjamana, injini inagoma.

MASHINE BILA MNYORORO NI PAMBO

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza kukusanya hawalifikirii. Msumeno ni mnyororo.

Minyororo ya awali ilikuwa na meno ya kukwaruza mti, na kuyanoa ilikuwa adhabu. Mwaka 1946, mkataji miti wa jimbo la Oregon aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni akaona funza wa mbawakawa akitafuna kisiki. Funza yule alikata kushoto na kulia kwa taya zake, akipita kwenye ubao bila taabu, iwe ni kufuata nyuzi zake au kuzikata. Cox akaunda jino la mnyororo linalofanya kazi vivyo hivyo, na mwaka 1947 akafungua kampuni mjini Portland. Minyororo mingi unayoiona leo, hata hapa Kenya, ni wajukuu wa ule wa Cox.

Ugunduzi huo ulikuwa baraka kwa wakataji miti, lakini ulisukuma pembeni aina zote za minyororo ya kale. Vipimo vingine navyo vikaachwa kadiri miaka ilivyosonga. Leo unaweza kupata msumeno wa miaka ya 1940 ambao injini yake inawaka, lakini mnyororo wake hautengenezwi popote. Huo ni pambo la sebuleni.

MAJARIBIO YALIYOISHIA NJIANI

Hadi hapa tumetaja misumeno iliyotengenezwa kwa wingi ikaisha. Lakini haki itendeke: ipo pia iliyokuwa michache tangu mwanzo.

Kama wewe ni mpenzi wa magari, unaijua Mazda RX-7 na injini yake isiyo na pistoni. Badala ya pistoni kupanda na kushuka, kuna kipande chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba. Ni injini ya Wankel, iliyopewa jina la Mjerumani Felix Wankel.

Basi katika miaka ya 1970 kampuni ya Dolmar, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Sachs, iliweka injini ya aina hiyo kwenye msumeno. Ukaitwa KMS 4. Haukutetemeka sana, mlio wake ulikuwa tofauti, na ulikuwa mashine ya ajabu kumwonyesha jirani.

Ila mkataji miti hatafuti ajabu. Anatafuta kitu ambacho fundi wa kijijini anaweza kukifungua jioni na kukirudisha asubuhi. Spea za Wankel hazifanani na za msumeno mwingine wowote. Zikiisha, zimeisha. KMS 4 haikudumu sokoni, na mkusanyaji anayeipata leo ikiwa nzima hulala nayo jicho moja wazi.

KAMPUNI IKIFA, SPEA ZINAIFUATA

Robert McCulloch tuliyemtaja hakuwa mtu wa mambo madogo. Mwaka 1968 alilinunua London Bridge, daraja lenyewe la Uingereza, kwa dola 2,460,000. Likabomolewa jiwe kwa jiwe na kusafirishwa hadi mji alioujenga jangwani Arizona, Lake Havasu City, ambako lilizinduliwa mwaka 1971. Hadi leo liko huko.

Daraja limesimama, lakini kampuni ya misumeno haikuwa na bahati hiyo. Iliuzwa, ikapita mikono mbalimbali, na mwaka 1999 ikafilisika. Jina McCulloch leo linamilikiwa na Husqvarna wa Sweden. Homelite nayo ilihama kutoka kwa mwenyewe hadi mwingine.

Ukisikia jina limenunuliwa, usidhani kila kitu kimenunuliwa. Mwenye jina jipya hana sababu ya kutengeneza gasketi ya msumeno wa mwaka 1965. Spea zilizobaki maghalani zikiisha, kila msumeno unaoharibika unaokolewa kwa kuchinja mwingine. Vitatu vinakuwa viwili, viwili vinakuwa kimoja.

Linganisha na Stihl, ambayo bado ipo. Ndiyo maana mwenye Stihl ya miaka ya 1970 ana matumaini kuliko mwenzake.

VIDOLE VYEUPE

Tusiongee kana kwamba kila kilichopotea ni hasara. Misumeno hii iliumiza watu.

Ya zamani haikuwa na kitu cha kupunguza mtetemo. Mtu akishika mashine hiyo kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, mishipa ya damu na neva za vidole huharibika. Vidole vinakuwa vyeupe na vyenye ganzi, hasa kwenye baridi, na kwa wengine havirudi tena kuwa sawa.

Pia haikuwa na breki ya mnyororo. Ncha ya msumeno ikigusa mti vibaya, msumeno hurushwa nyuma kuelekea usoni mwa aliyeushika, na mnyororo bado unazunguka. Breki na vizuia mtetemo vilianza kuenea katika miaka ya 1960 na 1970. Mkataji miti aliyejaribu mashine mpya hakutaka tena kusikia habari za ile ya zamani, na huwezi kumlaumu.

Kisha zikaja sheria za moshi. California ilianza kubana injini ndogo mwaka 1995, Marekani nzima ikafuata 1997. Injini za zamani hutoa petroli nyingi nje bila kuungua. Modeli zilizoshindwa kutimiza masharti zikaondolewa madukani.

YA MAKUMBUSHO HUKO, YA KAZI HUKU

Lakini adimu ni adimu wapi? Stihl 070, mashine nzito ya cc 106, ni ya kizazi kilichopita kwa Mjerumani. Hata hivyo iliendelea kuuzwa katika nchi za Afrika, Asia na Amerika Kusini muda mrefu baada ya kuondoka madukani Ulaya. Inapasua magogo kuwa mbao huko huko msituni, na mafundi wanaijua kama viganja vyao.

Kile ambacho mwenzako amekifunika kwa kitambaa sebuleni, mwingine anakitumia kulipa karo.

Umaarufu huo umezaa jambo jingine: nakala. Viwanda vya China vinatengeneza misumeno na spea zinazofanana kabisa na 070. Kwa fundi ni nafuu. Kwa mkusanyaji ni balaa, kwa sababu mashine inaweza kuwa na mwili wa kale na tumbo la juzi. Inawaka vizuri, lakini si kile anachodhani amenunua.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Huenda shags kuna stoo ambayo haijafunguliwa tangu babu astaafu. Ndani yake kuna pawaso, redio, cherehani au pikipiki isiyowaka. Na huenda wiki hii hii kuna mtu atapita na mizani yake akiuliza kama mna vyuma vya kuuza kwa kilo.

Kwanza, usiuwashe msumeno huo. Hauna breki, mnyororo wake una kutu, na wewe huna mafunzo. Usijaribu hata kwa ajili ya video ya TikTok.

Pili, tafuta bamba dogo lenye jina na nambari ya modeli, kisha uliza maswali matatu. Je, bado ina sehemu zake zote, hata vifuniko? Mwili ni mzima au umeliwa? Na kuna mtu mwingine anayehitaji spea zake? Kama umesoma hadi hapa unajua kwamba hata msumeno uliokufa unaweza kuwa ndio wa kumfufua mwingine.

Tatu, usidanganywe na neno adimu. Kitu kinaweza kuwa kimoja duniani na kisipate mnunuzi. Bei huja pale uadimu unapokutana na watu wanaokitaka. Mtu akikuuzia "vintage" mtandaoni, mwulize nani anaitafuta na kwa nini. Akikosa jibu, shika pesa zako.

Nne, na hili ndilo kubwa, muulize babu akiwa bado yupo. Aliinunua wapi, aliitengeneza vipi ilipogoma, nani alikuwa fundi wake? Maarifa hayo hayana duka la spea.

Na usidhani haya ni mambo ya enzi za kale. Makita, ambao walinunua Dolmar mwaka 1991, waliacha kutengeneza mashine za petroli mwaka 2022 wakahamia betri. California imezuia misumeno midogo mipya ya petroli kuanzia modeli za 2024. Pawaso inayonguruma leo nyuma ya nyumba yenu, ambayo hakuna anayeijali, imeanza safari ile ile.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hivyo kabla mwenye mizani hajafika, piga picha ile nambari.